Mguu Wangu na Chuma cha Moto

Mjukuu wangu Thuraya,

Sote hapa Darsait tu wazima, na mama yako amesharudi kazini. Umeniuliza kama ni adabu kunyamaza wakubwa wanapokuamulia matibabu. Sikunyamaza mimi.

Tulipohamia Maskati kutoka Unguja, nikiwa mke kijana, msuli wa shavu la mguu ulikuwa ukinikaza hadi nalia. Desturi ya huku ilikuwa kuchoma panapouma kwa chuma cha moto. Mama mkwe alimwita mchomaji, na chuma kikatiwa makaani. Mimi nilikuwa nimeshachemsha mizizi mikavu niliyopewa Unguja na daktari wa Kichina.

"Mchina mwenyewe hata salamu hajui," alisema mkwe.

"Siumwi salamu, mama. Nnaumwa mguu."

"Unyooshe."

"Sinyooshi."

Nikanywa dawa yangu mbele yao, na mchomaji akaondoka amenuna. Siku ya pili msuli ulikaza tena. Mkwe alinitazama, akingoja niombe chuma. Niliuma upindo wa kanga, nikachemsha mizizi mingine.

Dawa ilinifaa taratibu. Hata isingenifaa, nisingenyoosha mguu. Wasikilize madaktari wako, uwaulize yote, kisha ujibu mwenyewe.

Bibi yako, asiye na kovu.