Mishale ya Vistari

Nakawa, Kampala
9 Aprili 2013

Mama yangu Marie-Louise,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze huko Uvira? Na kaka Heritier, amepona malaria? Mimi ni mzima, nakula vizuri, hata nimenenepa kidogo.

Mama, nina habari. Mwaka jana Mkenya mmoja, Mama Dolphine, mwenye karakana ya kushona sare, alikuja kwenye duka la uchapaji ninapofanya kazi hapa Nakawa akitaka bango la ukutani: mishale mizima ionyeshe vitambaa vinapoingilia, mishale ya vistari ionyeshe watu watokee wapi moto ukizuka. Niliichora mimi, kwenye kompyuta. Nilianza na nukta, zikafifia kwenye karatasi. Nikachagua vistari, mstari ukakatika vizuri, lakini kichwa cha mshale nacho kikakatikakatika, kikawa kama jino bovu. Mwenye duka, Mzee Tarcisio, akasema niache hivyo hivyo, hakuna atakayekitazama kichwa. Nikamjibu, “Mzee, mtu anayekimbia moshi hatazami kitu kingine.” Nikavichora vichwa vyote peke yavyo, vizima, vyekundu, nikaviunga kwenye ncha za mistari.

Wiki iliyopita pasi iliunguza robota la vitambaa, moshi ukajaa karakana. Mama Dolphine alikuja mwenyewe kutuambia kwamba mafundi wote kumi na tisa walitoka salama. Wengi walikuwa wanakimbilia mlango wa vitambaa, ambako moto ulikuwa umeshika. Atim, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyefuata vistari huku akiwaita wenzake. Kesho yake Mzee Tarcisio akanikabidhi funguo za duka.

Sasa nikuambie nililokuficha. Chuo cha uuguzi niliacha miaka miwili iliyopita. Kila nilipoona damu kwenye shuka nilimwona Baba pale barabarani siku tuliyokimbia, na mikono ikaniganda. Yote niliyokuandikia tangu hapo kuhusu wodi na wagonjwa yalikuwa uongo. Kwa uongo huo nisamehe, Mama. Kwa kuacha, siombi msamaha. Ukiulizwa kanisani, usiseme tena kwamba binti yako anasomea unesi. Sema ni mchoraji, na kazi anaiweza.

Nisalimie Heritier na jirani yetu Mama Reine. Nijibu hata kama umekasirika. Hasira yako naitaka kuliko kimya chako.

Ni mimi mwanao,
Esperance