Upinde Uliovishwa Magome

Miono,
Jumatano asubuhi

Kwako dada yangu Mwanvita,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta umepata walau usingizi, maana najua benchi la wodini si kitanda. Huku tunamshukuru Mungu. Mama anaamka, anaoga mwenyewe, ila chakula bado anakionja tu na kukisukuma. Kila alfajiri ananiuliza hali ya shemeji Shuaibu kabla hajaniuliza yangu. Je, homa imeshuka? Kidonda kimeanza kukauka? Jumapili ulisema daktari anataka kukifungua tena, na tangu hapo kila simu ikilia naikimbilia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimekupigia leo asubuhi, akapokea Shuaibu, akasema umetoka kufua. Simu yako siku hizi inashinda kwake kitandani, na ninayotaka kukueleza nataka uyasome peke yako, ukiwa umekaa. Adila, mke wa Khamis fundi cherehani, anakuja Bagamoyo mchana huu kununua vitambaa. Nimemwomba apitie hospitali kwanza, na barua asimpe mtu mwingine ila wewe.

Unakumbuka mama alivyoumwa malaria mwezi wa Ramadhani. Homa iliisha lakini hamu ya kula haikurudi. Nikamletea kuku, nikamletea samaki kutoka Saadani, vyote akavirudisha. Siku moja akasema, kama mtu anayeongea na nafsi yake, kwamba angepata mchuzi wa pongo kama ule aliokuwa akiletewa na marehemu baba, pengine koo lingefunguka. Hakunituma, dada, usije ukamlaumu. Ni mimi niliyeyachukua maneno yale nikayafanya agizo.

Na pongo alikuwepo. Dume mmoja wa swala huyu wa vichakani alikuwa akiingia kwenye kunde zangu za shamba la bondeni, kisha akivuka kijito kurudi vichakani. Ng'ambo ya kijito ni hifadhi, ile anayoilinda mumeo. Hilo nalijua, nawe unajua kwamba nalijua.

Nikautoa upinde wa baba darini. Mara mbili nilimvizia yule dume, mara mbili akaniona kabla sijavuta. Baba aliupaka upinde ule mafuta ya nazi miaka yote, na viganja vyake viliusugua ule mti wa mkole hadi ukang'aa kama chupa. Jua likiupiga, mnyama anaona mmweko. Hata pasipo jua, anaona fimbo ndefu inasogea mahali ambapo jana haikuwepo. Na kwa upinde lazima umkaribie, hatua kumi, kumi na tano. Zaidi ya hapo utamjeruhi tu aende kufia mbali.

Basi nikakaa nao uani siku nzima. Niliroweka magome ya myombo, nikayachana nyuzinyuzi, nikauzungushia upinde kote isipokuwa pale pa kushika. Hapa nikazungusha nene, pale nyembamba, ili jicho lisiuone kuwa mstari mmoja. Juu yake nikapaka masizi ya sufuria, mabaka mabaka. Ugwe, ile kamba yenyewe, niliusugua mkaa, na kwenye ncha zake nikafunga vishungi vya manyoya ya mbuzi ili usilie ninapoachia. Mishale nayo niliipaka tope, tangu manyoya hadi chuma, nikalichanganya tope na samadi ya ng'ombe ili lishike. Nilipomaliza niliuegemeza upinde kwenye kichaka cha ua. Mama akapita karibu yake, kanga ikaugusa, asiuone. Nilifurahi kama mtoto wa miaka saba.

Nikueleze kwanza habari za Mwinshehe.

Unajua walimkamata Mwinshehe mchoma mkaa kesho yake tu baada ya Shuaibu kupigwa mshale, kwa kuwa kibandani kwake walikuta upinde na kanga wawili waliokwisha nyonyolewa. Uliponipigia kunipa habari ulishukuru, ukamwombea mkono wake ukauke. Nami nikaitikia amina.

Juzi alikuja mkewe, Mardhiya. Akakaa kwenye mkeka na mama, akalia hadi mtandio ukalowa, kisha akanigeukia mimi. "Kaka Rehani, wewe ni mtu wa msikitini, tena ni shemeji yake majeruhi. Ukisema neno watakusikiliza. Twende ukawaambie Mwinshehe hawezi jambo hili." Mama naye akaniambia niende. Ningekataa kwa sababu gani?

Nikaenda na Mardhiya kituo cha polisi. Askari wa zamu alinipa pole kwa yaliyomfika shemeji yangu, akanipa kiti. Mwinshehe alipoletwa hakuwa na viatu, na suruali ilikuwa ikimpwaya. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema, "Rehani, kanga nimekula, sikatai. Lakini mtu? Mimi nimpige mtu?" Nikamwambia avumilie, Mungu yupo. Mimi, dada, nikamwambia mtu yule avumilie.

Sasa nisome vizuri. Mshale uliompiga mumeo ni wangu.

Jumatatu ile, alasiri, nilikuwa nimejibanza upande wetu wa kijito. Nikapuliza jivu kiganjani nikaona upepo umegeuka, unapeleka harufu yangu kwenye njia ya pongo. Nikavuka. Hatua thelathini tu, nikajiambia, kisha narudi. Nikakaa kwenye matete muda mrefu, hata ndege wakanizoea. Nikamsikia dume akibweka mara moja kule juu, kama afanyavyo akiingiwa na shaka. Kisha matete mbele yangu yakatikisika, nikaona kitu cha rangi ya kahawia kinapita kimeinama. Nikasema bismillahi, nikaachia.

Aliyelia alikuwa mtu. Na sauti niliitambua kabla sijafika.

Shuaibu alikuwa ameanguka ubavu, mshale umeingia pajani. Alikuwa akifuata nyayo zangu, bila kujua ni za nani. Alinitazama, akautazama upinde, akaninong'oneza, "Shemeji, ondoka. Mwenzangu yuko nyuma." Nikavua shati nimfunge. Akanisukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Ondoka! Mama atabaki na nani?" Nikasikia filimbi ya mwenzake. Nikaondoka, dada. Nilimwacha mumeo chini na damu yake, nikakimbia.

Tangu siku hiyo anawaambia wakubwa wake kwamba hakumwona mtu. Usimkasirikie. Kila nikimpigia ananiambia ninyamaze, Mwinshehe watamwachia tu maana hawana ushahidi. Leo ni siku ya tisa na hawajamwachia.

Lakini lililonifanya nishike kalamu kwa haraka ni hili. Leo alfajiri niliitoa mishale iliyobaki, nikasikia harufu ya samadi. Hapo ndipo akili ikanijia: lile tope liliingia mguuni mwake. Ndilo nililokupigia leo, na Shuaibu alipopokea nikamwambia amweleze daktari. Akasema ataulizwa amejuaje, akakata simu. Kwa hiyo ukifika hapa, acha kusoma, nenda kwa daktari. Mwambie chuma kilipakwa tope na samadi ya ng'ombe. Sumu haikuwemo, wallahi. Uliza kama amechomwa sindano ya pepopunda. Wakikuuliza umejuaje, taja jina langu.

Wakati unasoma haya mimi nitakuwa kituoni. Adila akishaondoka nami naondoka, nimebeba upinde na mishale kama vilivyo, wasiwe na la kubahatisha. Mardhiya nimeshamwambia. Nilimkuta kwake anatoka kuchota maji. Aliitua ndoo, akanitazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama nilimwambia baada ya sala. Nilidhani atalia. Akauliza, "Mguu gani?" Nikamwambia wa kushoto. Akainama, akaushika wake wa kushoto kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Hakuniambia niende wala nisiende. Atalala kwa Khamis mpaka utakapopata nafasi ya kuja kumchukua. Vidonge vyake vya presha vimo kwenye kopo la bluu. Cha asubuhi asimeze kabla ya uji, hata kama ni vijiko viwili.

Sijui watanipa miaka mingapi, na sijui wewe utanipa mingapi. Sikuombi unisamehe leo. Mpe Shuaibu salamu zangu akiwa na nguvu za kuzipokea, na uwasalimie wauguzi wanaokusaidia.

Simu yangu watanichukua. Wakiniruhusu kupiga, nitakupigia wewe kuuliza mguu. Ukiona namba usiyoijua, dada, tafadhali pokea.

Wassalaam.

Ni mimi mdogo wako,
Rehani Mwinyijuma