Makofi ya Mlangoni

Kasulu

Kaka Yustino, shikamoo.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kwanza ukamwamkie mama kwa niaba yangu. Ukimkuta amelala, usimwamshe. Goti lake linaendeleaje? Na mikorosho ya nyuma ya nyumba mwaka huu imechanua, au imetuchezea tena? Mimi huku ni mzima wa mwili. Baridi nimeizoea, na lile sweta ulilonicheka nalo siku hizi nalivaa asubuhi tu. Shuleni ni yale yale: mimi nawasahihisha watoto hesabu, wao wananisahihisha Kiha changu, na wao ndio wenye kazi kubwa.

Kila ukipiga simu unaniuliza, "Vipi ile pedali ya gitaa?" nami nakujibu iko vizuri. Ni kweli iko vizuri. Asiye vizuri ni mimi, na habari yenyewe haikai kwenye simu. Mwalimu mwenzangu anakuja likizo Masasi, atakufikishia barua hii.

Unamkumbuka Zabroni, yule mkulima wa maharage wa Nyakitonto anayepiga gitaa la ridhim kwenye kwaya yetu? Nilipohamishiwa huku sijui mtu, yeye ndiye wa kwanza kuniita mdogo wangu. Kila Jumamosi alikuwa akileta maharage sokoni mjini, akishayauza anapita kwangu na gitaa lake mgongoni. Hapigi hodi kama sisi. Anasimama mlangoni na kupiga makofi, maana salamu ya Waha ni ya viganja: mwakeye, mwakeye, nawe unapiga vyako ukiitikia, mnaulizana nyumba, mnaulizana mvua, makofi hayakatiki mpaka habari ziishe. Mwanzoni nilikuwa namkatisha katikati. Akanifundisha kwamba salamu usiyoiitikia ni kama kumfungia mtu mlango usoni.

Basi, tukishasalimiana, tunapiga. Mimi solo, yeye ridhim. Hakuwa na maringo ya vidole, lakini ule mpigo wake ukiukalia hauanguki. Binti yake Neema alipochumbiwa, Zabroni aliniambia, "Mdogo wangu, siku ya Neema tutapiga mimi na wewe, mpaka wakwe waombe maji." Nikamwambia hilo halina mjadala.

Ndipo ukaniletea pedali. Kaka, sikulaumu. Kitu hakizidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, lakini ndani mna mwangwi, mna ngoma, mna sauti ambazo zamani zilihitaji meza nzima ya vyombo. Ile iliyonimaliza ni ya kurekodi: unapiga kipande cha ridhim, unakanyaga, chenyewe kinajirudia, nawe unapanda juu yake na solo. Na nyumbani hakuna haja ya spika. Ulinisisitiza mwenyewe, "Vaa hedifoni, usiwasumbue majirani." Nikaona ni busara, kwa sababu jirani yangu ni muuguzi, akiwa na zamu ya usiku hulala mchana. Nikawa navaa, nakaa pale sebuleni mlango wazi, macho nimeyafumba, najiona niko jukwaani.

Jukwaa lenyewe likaja. Mwalimu niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa anaoa Kibondo, akaniomba nikapige. Zabroni aliposikia alifurahi, akasema maharage yanaweza kungoja, akafua lile shati lake jeupe. Mimi nikamwambia apumzike, safari ni ndefu na pedali inatosha. Ndivyo nilivyosema, kaka. "Pedali inatosha." Akasema, "Haya, mdogo wangu, uende salama."

Kibondo walicheza hadi wakavua viatu. Kipande cha video nilikutumia, ukanisifu. Ule mpigo wa ridhim ulioupenda ulikuwa wake Zabroni. Niliuiga kwa vidole vyangu, nikaukanyagia kwenye pedali, ukajizungusha wenyewe. Mshereheshaji alipoona niko peke yangu akauliza kwenye kipaza sauti, "Mwenzako wa ridhim yuko wapi?" Mimi nikanyoosha mguu, nikaonyesha pedali pale chini. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilirudi Kasulu kichwa kimevimba.

Baada ya hapo Zabroni akapotea. Nikajisemea ni palizi. Jumamosi moja nilivua hedifoni, nikatoka nje, nikakuta kikapu cha maharage mlangoni. Nikadhani ni mzazi wa mwanafunzi, maana wana tabia hiyo nzuri. Nikayapika. Yalikuwa matamu, na siku ile nilikula nikashiba.

Kumbe maharage yalikuwa na mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa sokoni, nikamwona mama Neema, mkewe Zabroni, amekaa penye bidhaa zake. Tukapigiana makofi ya salamu mpaka mwisho, ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona hukuja kwa Neema? Kiti chako tulikiweka."

Nikamuuliza kwani Neema ameolewa lini.

Akanitazama kama ananionea huruma. Akasema mumewe alikuja kwangu mwenyewe kunialika, kwa sababu mtu wa nyumbani huwa haitwi kwa kadi, unamfuata ukamwambia kwa mdomo. Alikuja na kikapu. Akasimama mlangoni, akapiga makofi, akasalimu, akarudia. "Alisema uliinua uso kumwelekea, halafu ukainama tena kwenye gitaa lako. Akatua kikapu, akarudi."

Kaka, hata sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho. Masikio yangu yalijaa ngoma za pedali, na mtu aliyenifundisha salamu alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu akiipiga kwenye hewa.

Nilikwenda kuchukua pedali na gitaa, nikapanda bodaboda pamoja na mama Neema hadi Nyakitonto. Nikasimama uani, nikapiga makofi. Zabroni alitoka, akaitikia salamu yote, hakuruka hata neno, akaniletea kigoda. Nikamweleza. Niliona maneno hayamwingii, basi nikawasha pedali, nikamvalisha hedifoni, nikampa gitaa langu. Akajaribu mpigo wake, akashtuka ulivyomjaa kichwani. Akatabasamu. Nikasogea pembeni yake, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote, kuku wakakimbia. Zabroni hakugeuka. Mama Neema akaangua kicheko, akamvua.

"Hukusikia?" akamuuliza.

"Nini?"

"Mwalimu anakupigia makofi hapo, viganja vimekuwa vyekundu."

Zabroni alikigeuza kile kidude cha masikioni mikononi, akakikagua ndani na nje. "Kumbe," akasema. "Kumbe kweli hukunisikia. Nimekubeba moyoni bure." Akanishika mkono. Nami nikaona Mungu ameniokoa, nikaanza kusema tutapiga tena, nitawapelekea Neema na mumewe muziki hukohuko waliko.

Alinisubiri nimalize. Kisha akanirudishia hedifoni, akaziweka vizuri kwenye kiganja changu.

"Lakini Kibondo hukuwa umevaa hizi," akasema. "Niliona kwenye simu ya shemeji yangu. Walikuuliza mwenzako yuko wapi, ukaonyesha chini, kwa mguu."

Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, na namjua, hasemi uongo. Tulikula ugali wa muhogo, akanisindikiza mpaka barabarani. Gitaa lake sikuliona ukutani, wala sikuuliza. Bodaboda ilipowaka akaniambia, "Ufike salama, Mwalimu." Mwalimu, kaka. Si mdogo wangu tena.

Najuta. Najuta harusi ya Neema, ambayo hairudiwi, lakini najuta zaidi ule mguu. Wewe umenipa chombo kizuri kwa moyo mweupe, usije ukadhani nakilaumu. Nakitumia bado kanisani, ila ile ya kurekodi siikanyagi. Ridhim ikikosekana, watu wasikie kwamba imekosekana.

Msalimie shemeji, mwambie dagaa wa Kigoma nimempa huyu mwalimu anayeleta barua, asikubali akiambiwa wamemwagika njiani. Mjomba wa cherehani mpe pole ya macho. Wanao wote wabusu, na yule mdogo anayejifunza gitaa mwambie aanze na ridhim. Mama usimsomee hii yote, msomee ya juu tu, pale penye goti na mikorosho.

Jumamosi asubuhi bado nafanya mazoezi palepale sebuleni. Hedifoni naivaa sikio moja. Lile la upande wa mlango naliacha wazi.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Lazaro