Alhamisi Mezani kwa Baba

Lund, 14 Mei

Mdogo wangu Rikard,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kusini, ambako miti ya cheri imeshachanua na kunguru wa bustani ya kanisa kuu wanapiga kelele tangu alfajiri utadhani wanalipwa. Natumai barua hii itakukuta mzima, Sanna na watoto pia, na kwamba theluji ya Kiruna imeanza kuona haya na kuondoka. Mimi sijambo. Goti linanisumbua kidogo nikipanda ngazi, lakini mdomo haujambo kabisa, kama utakavyoona.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu utaikata nikitaja tu nyumba. Barua utaitupa mezani, utaizunguka siku mbili ukijifanya huioni, halafu utaisoma yote. Nakujua, nimekubeba mgongoni.

Kwanza habari za mazishi, maana uliondoka na treni ya jioni ileile kabla kahawa haijamiminwa. Ulikosa mengi. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakala keki ya mkate iliyopambwa kwa kamba wa baharini wakiwa wamesimama. Anneli Hjort alizungumza, yule mwanafunzi wa Baba mwenye misuko myekundu aliyekuwa akikuibia chapati za maji kwenye sahani yako. Siku hizi ni hakimu Malmö. Alisema kabla ya kutoa hukumu yoyote hujifungia bafuni akamtetea kwa sauti yule atakayeshindwa, mpaka mumewe agonge mlango. Baada yake akasimama Börje, lile jitu refu lililofukuzwa vyuoni kwa ubishi kabla Baba hajalichukua. Sasa ndiye anayeitwa bandarini kila mgomo unapowashinda watu kuumaliza. Alieleza kwamba Baba alimfanya awatetee wenye meli kwa mwaka mzima, wakati alikuwa akiwachukia mpaka nywele zao. Watu walicheka, kisha wakatafuta leso.

Wote walikuwa wakiizungumzia kanuni ileile moja, na najua hujaisahau, maana ilitutesa tangu tukiwa wadogo. Mezani kwa Baba, Profesa Sixten Brolin, kila Alhamisi wanafunzi walipokuja kula supu ya njegere na haradali, kisha chapati, hakuna aliyeruhusiwa kupinga wazo la mwenzake kabla hajalitetea yeye mwenyewe, na alitetee vizuri mpaka mwenye wazo aitikie kwa kichwa. Hata tulipotaka pipi ilibidi kwanza tuyatetee meno.

Sasa nije kwenye nyumba. Tulikubaliana iuzwe, na mimi ndiye niliyemtafuta dalali, binti mmoja nadhifu aitwaye Tindra. Alhamisi iliyofuata mazishi nilikwenda naye apige picha. Alikuwa bado anapanga mito kwenye kochi tuliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa bila hodi. Nilipotoka nikakuta rundo la viatu ukumbini, kama zamani. Anneli alikuwa ameshika sufuria ya njegere za njano zilizolowekwa tangu jana yake, Börje ana maziwa na unga, na nyuma yao vijana wa chuo ambao sijawahi kuwaona. Niliwaambia kwa adabu zangu zote kwamba mwenye nyumba amefariki.

Börje alivua koti, akalitundika. “Tunajua, dada. Jeneza tulilibeba sisi. Haradali iko wapi?”

Ungefanya nini? Niliwaonyesha haradali.

Tulipoketi, Börje aliuliza kuna ubishi gani leo. Nikasema hakuna ubishi, nyumba inauzwa. Basi akaniamuru nitetee isiuzwe. Nilijikongoja vibaya sana, nikaongea habari za paa na bustani mpaka mwenyewe nikajionea aibu. Tindra akashindwa kuvumilia. Aliweka kijiko chini, akasema samahani, yeye ni dalali na si mtu wa vitabu, lakini ameingia nyumba nyingi za marehemu na hajawahi kuona nyumba ambayo wageni wanajua vijiko viko droo ipi. Alisema nyumba kama hii ikishatawanyika hakuna pesa itakayoirudisha. Alitetea mpaka akasahau ada yake! Anneli ndiye aliyenigusa mkono akaniambia nijitazame. Nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo mimi sitaki tena kuuza, Rikard. Lakini kanuni ni kanuni, siruhusiwi kukupinga kabla sijakutetea. Nakutetea.

Wewe hutaki pesa, na anayesema unazitaka hakujui. Siku uliyotimiza miaka kumi iliangukia Alhamisi, na mishumaa ya keki yako ilizimwa na mwanafunzi aliyekuwa akipunga mikono akieleza uhuru wa mwanadamu. Meza nzima ilicheka. Wewe ukaenda kukaa ngazini na kipande chako. Kila mtu mjini hapa anasema Sixten alimsikiliza, na wewe ulikuwa ukingoja zamu ambayo haikufika. Wenzako wamempoteza mwaka huu, wewe ulimpoteza akiwa chumba cha pili. Ndiyo maana unataka mlango ule ufungwe, na mtu tusiyemjua abadilishe kitasa. Nimekosea? Kama sijakosea, itikia hapo ulipo. Sikuoni, lakini nitajua.

Sasa kaa chini, nikuambie alichonieleza Anneli tulipokuwa tunaosha vyombo.

Unakumbuka jioni ile, miaka sita iliyopita, uliposimama chakula kikiwa bado sahanini ukasema nyumba hii ina baba wa kila mtu isipokuwa wako, ukaenda zako kaskazini. Alhamisi iliyofuata Baba alikaa mezani akasema hoja ya leo ni hiyo sentensi yako. Akauliza nani ataitetea. Vijana wakainamia supu zao. Basi akaweka kijiko chini akaitetea mwenyewe. Aliitaja mishumaa, Rikard. Mishumaa! Mimi miaka yote nilidhani hakuona. Aliitaja ngazi. Alitaja mechi zako za hoki, namna alivyokuwa akikaa garini nje ya uwanja akisahihisha insha za watoto wa watu. Aliongea mpaka supu ikafanya utando, na alipomaliza meza nzima ikaitikia kwa kichwa, wengine wakilia.

Baba aliukataa mwitikio huo. Aliwaambia wao si wenye hoja. Mwenye hoja yuko Kiruna, na mpaka yeye aitikie, shauri hili liko wazi.

Nilimjia juu Anneli, nikamuuliza kwa nini basi mzee hakukupigia simu. Akasema alikupigia. Hapo nikaikumbuka simu ile, maana ulinisimulia mwenyewe kwa uchungu: alikuuliza kama theluji imeyeyuka, ukamwambia bado, akasema haya. Mtu aliyewafundisha wenzake wote kusema, akashindwa na mwanawe kwenye simu. Nililia juu ya yale maji ya vyombo na sikujificha. Nilimkasirikia, na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

Karatasi za mauzo nimemrudishia Tindra bila sahihi yangu, na sikukuuliza. Hilo unigombeze ukipenda. Ila sijafunga mlango. Njoo Alhamisi yoyote. Anneli anakumbuka karibu kila neno na yuko tayari kuyarudia mbele yako. Hutalazimika kuongea. Utakula, utasikiliza, halafu utaamua kama mzee alikuelewa. Ukikataa kwa kichwa, nitatia sahihi papo hapo, kati ya supu na chapati, na hakuna atakayekubishia. Ukiitikia, utakuwa umemaliza shauri lake, na nyumba tutaongea kesho yake.

Msalimie sana Sanna, na waambie watoto shangazi yao bado anageuza chapati hewani na bado zinaanguka. Mimi na goti langu tunakungoja.

Na ukifika, viatu vyako usivirundike ukumbini pamoja na vya wageni. Viweke kabatini, pale tulipokuwa tukiweka vyetu.

Dada yako,
Ylva