Hobson wa Bumbuli na Hobson wa Mlalo

Kaka Juma, shikamoo. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Lushoto, lakini jibu la posa ya binti yako ninalo.

Nilifika kwa bibi yake Idrisa, huyo aliyeleta posa, nikamweleza wazi: Asha wetu ni Hobson, kijana wao naye Hobson, tunaogopa wasije wakawa damu moja. Akanipakulia makande. Hayakuwa na chumvi hata chembe, nikajua hapa sitakiwi. Nikala nimeinamia sahani.

Ndipo akasema, "Hobson alikuwa mzungu mwenye shamba la kahawa huku juu. Vibarua walitoka kila kijiji. Hospitali au shuleni wakiulizwa ni watu wa nani, walisema wa Hobson, wakaandikwa hivyo hivyo. Jina hilo sasa limejaa bonde zima. Wewe niambie makaburi ya babu zenu yako wapi."

Nikajibu, "Bumbuli."

Akasogea karibu. "Bumbuli kweli? Si Mlalo?"

"Bumbuli, bibi. Hata baba tulimzika huko."

"Wetu wote wamelala Mlalo," akasema, akashusha pumzi ndefu. Sasa ndipo akachota makande yake, akaonja, akanikodolea macho.

"Mjukuu wangu! Umekula haya yote bila chumvi, umenyamaza tu?"

Kumbe naye alikuwa roho juu kama sisi. Mkumbatie Asha, mwambie ashone gauni.

Mdogo wako, Zaina