Mpangaji Aliyerithiwa Pamoja na Nyumba

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya tarehe thelathini, maana siku hiyo mpwa wangu, ambaye ni wakili, anataka nisaini karatasi ya kukubali kuhama, na mimi sitaki, nimeshahamishwa mara mbili maishani, ya kwanza nikiwa kijana nikaondoka kwetu na shati nililovaa, ya pili walipobomoa mtaa wetu wa kwanza hapa, na vyumba hivi viwili juu ya duka la vioo ninavyokaa na dada yangu nimevizoea hata najua ubao upi wa ngazi unalia. Mwenye nyumba amefariki na mwanawe anatutaka tutoke. Lakini mimi nilikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka ishirini na sita, na hukumu inayotulinda niliichapa kwa vidole hivi hivi, mafundi viatu watatu walimshtaki mrithi wa nyumba waliyopanga wakashinda, na jaji akaandika "mpangaji aliyerithiwa pamoja na nyumba", nakumbuka kwa sababu nilicheka, nikajiuliza mtu anarithiwaje kama kabati. Nimeenda maktaba, nikayaandika maneno hayo kwenye kompyuta, katika kanzidata ya hukumu, ndani ya alama za kunukuu, ikaniletea sifuri. Mpwa wangu akasema, "Weka nyota mwishoni mwa neno, Mjomba, italeta na ndugu zake." Nikaandika mpangaji*, likaja mpangaji lile lile, hakuja ndugu hata mmoja. Akacheka: "Mjomba, hiyo hukumu uliiota. Saini tupumzike." Dada yangu ameanza kufunga masanduku. Je, akili yangu imechakaa?

Mpiga chapa

Mzee wangu, akili yako ni nzima. Kilichokuponza ni zile alama za kunukuu. Zinaiambia mashine: nataka maneno haya, kwa mpangilio huu, isipungue hata herufi. Na wewe mwenyewe umesema walioshtaki walikuwa watatu! Jaji gani angewaita "mpangaji"? Bila shaka aliandika "wapangaji waliorithiwa", na mtu aliyechapa hukumu miaka ishirini na sita alipaswa kuliona hilo.

Mpwa wako naye, pamoja na usomi wake, mwambie nyota ya mwishoni inafaa lugha zinazobadilika mkiani. Neno letu hubadilika kichwani: mpangaji, wapangaji, upangaji. Nyota ya mwanzoni kanzidata nyingi huikataa, basi usibishane nayo. Andika sura zote mwenyewe: (mpangaji AU wapangaji) NA (aliyerithiwa AU waliorithiwa). Soma kwanza ukurasa wa msaada, kwani nyingine hutaka alama tofauti. Zikimiminika hukumu mia, hapo ndipo uongeze maneno yasiyobadilika, ndani ya alama za kunukuu: "pamoja na nyumba".

Ukiipata, hakikisha mahakama ya juu haikuitengua. Usipoipata, bado usisaini. Huenda haikuingizwa kwenye kompyuta kabisa, na kutokuwapo kwenye kompyuta si kutokuwapo duniani. Nenda masijala ya mahakama na mwaka wa kesi, uombe jalada. Makabati yale uliyajaza wewe.

Na dada yako aache masanduku. Tarehe thelathini ingia ofisini kwa mpwa wako na hukumu mkononi. Kalamu iache nyumbani.