Wingu Lililoishia Upande wa Pili

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya matairi,
Jumapili, katikati ya masika.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Magoti ya mama yanaendeleaje? Wifi na watoto wazima? Mimi mzima, ila nimechoka. Mvua hapa haijakata tangu mwezi uliopita, shuka hazikauki, na viatu vyangu vya kazini vimeota ukungu. Najua nalalamikia neema mbele ya watu wanaochota maji kwa kikombe. Nisamehe.

Barua yako niliipata. Mama aliona mlima umevaa wingu, akakuamuru upande mahindi, ukapanda, na mbegu zikaokwa ardhini. Kwa mara nyingine tena! Sikulaumu, ndivyo tulivyolelewa sote. Majirani husubiri tone la kwanza, sisi wingu likikaa tu kileleni, jembe liko mkononi.

Umeniomba nimwandikie mama kwamba mvua itarudi, kwa kuwa neno langu analiamini, eti nafanya kazi na watu wa mvua. Unasema anajilaumu kwa ile miti ya mteremkoni aliyoikata kujengea zizi, na sasa hata chakula hakimpiti kooni. Nimetembea na barua hiyo mfukoni wiki nzima.

Kazi yangu, mdogo wangu, ni ya tope. Lile ziwa la huko kwenu, linalokaribia kukauka, hao watu wa mvua walilichimba chini wakaleta tope lake katika mabomba marefu. Mimi nalikata na kulisafisha, mkuu wetu analisoma. Tope jeusi ni la miaka ya maji, jeupe ni la miaka ya vumbi. Chini kabisa ni jeusi tupu. Enzi hizo mlima ulikuwa mfupi, na pepo za msimu zilivuka na mvua yake mpaka kwenu. Kisha mlima ukainuka, polepole kupita kiasi, pepo zikalazimika kuupanda, na huko juu kwenye baridi zikawa zinamwaga mzigo wao wote upande wetu huu. Wingu mnaloliona kileleni limekwisha kujimwaga. Kuanzia hapo ni tope jeupe, jeupe, mpaka mgongo unaniuma kwa kulikata.

Karibu na juu kuna utando mweusi, mwembamba kama ukucha. Nilimuuliza mkuu ni wa lini.

"Huo? Ni ile miaka pepo zilipata nguvu kidogo zikavuka," akasema. "Huwa inatokea mara mojamoja, halafu basi."

Akanitajia miaka yenyewe. Ndiyo ile marehemu baba alipohamia huko na mama akiwa bibi harusi, mahindi yakawapita kimo. Sikufichi, nilikwenda chooni nikalia.

Kwa hiyo hilo uliloniomba sitaliandika. Nimechoka kumpa mama matumaini ya kumuua. Uzeni mbuzi waliobaki mje. Nimesukuma kitanda changu ukutani. Chumba kinavuja upande mmoja, lakini tutabanana. Fundi cherehani wa hapa chini amekubali kumpa wifi kazi, na ana mdomo huyo, wifi ajiandae.

Nisalimie wifi, watoto, shangazi mkubwa, na yule jirani yetu Kelele, mwambie namkumbuka ingawa masikio yangu yamepumzika. Mungu awashike mkono njiani, awafikishe wote.

Maneno haya ya mwisho msomee mama, polepole, ukiwa umekaa karibu naye.

Mama, si miti yako. Mvua haikukukimbia. Ilikuja kukutembelea ukiwa kijana, ikarudi kwao, nawe umekaa mlangoni ukiingoja miaka yote hii. Inatosha, mama. Njoo ulale.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako.